Kingamwili za mtoto mwenyewe zinawezaje kuharibu ubongo wake? Swali kuhusu ugonjwa wa kutikisa kichwa

Mwalimu wa Ulanga

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi wilayani Ulanga, mkoa wa Morogoro, upande wa milima ya Mahenge. Naleta swali hapa kwa sababu limenikosesha usingizi, na kwa sababu naamini humu wapo watu waliosomea kinga ya mwili na magonjwa ya neva, ambao wanaweza kunieleza kwa Kiswahili nitakachoweza kukifikisha kwa wazazi.

Darasani kwangu yupo binti wa miaka 12. Mwaka juzi alikuwa anasoma hadithi kwa sauti mbele ya wenzake bila kukwama. Tangu mwaka jana, kila tunapogawa uji saa nne asubuhi, kichwa chake huanza kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kama abiria anayesinzia ndani ya basi, isipokuwa macho yake yako wazi. Kijiko hubaki mkononi, uji hudondoka juu ya daftari, na ukimwita kwa jina haitiki. Baada ya muda mfupi huendelea kunywa kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizi akinakili kutoka ubaoni anaruka mistari, na juzi aliandika jina lake akaacha herufi mbili. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi, amekwisha kuambiwa mengi na majirani. Katika zahanati tuliyompeleka mara ya kwanza tuliambiwa kwa mkato kwamba ni kifafa, tukapewa vidonge vya mwezi mmoja, na maelezo yakaishia hapo.

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya wagawa kingatiba (dawa ya kinga inayogawiwa kwa jamii nzima) ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni. Mwezeshaji alitueleza kwamba minyoo ya usubi haijaonekana kukaa ndani ya ubongo wa watoto hawa, bali zipo dalili kwamba kingamwili ambazo mtoto amezitengeneza dhidi ya minyoo hiyo hugeuka na kushambulia seli zake za neva. Muda ulikuwa umekwisha, na sikupata nafasi ya kuuliza.

Tangu chuoni nimefundishwa, nami nimewafundisha watoto, kwamba kingamwili ni askari wa mwili. Askari anawezaje kumshambulia mwenye nyumba? Na hata akikosea, anaingiaje katika ubongo ambao tunaambiwa umezungushiwa ukuta usiopitisha kila kitu? Na lililo kubwa kwangu kuliko yote: seli zilizoguswa na kingamwili hizo zimekufa, au zimezimwa tu na zinaweza kuamka? Nikilijua hilo, nitajua cha kumwambia bibi.

Mhadhiri wa Elimu ya Kinga

Mwalimu, pole na kazi, na ahsante kwa kuandika ulichokiona kwa makini namna hii. Maelezo yako ya uji yanalingana sana na yale ambayo Daktari Louise Jilek-Aall, aliyefanya kazi Mahenge tangu miaka ya 1960 na kufungua kliniki ya kifafa huko, aliwahi kuyaeleza kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa vichwa. Ugonjwa huu ulionekana kwenu kwanza, kabla haujajulikana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Naomba tuurekebishe kidogo mfano wa askari, kwa maana ndio unaolifanya swali lako liwe gumu kuliko linavyostahili. Askari humtazama mtu mzima, uso na mavazi. Kingamwili haioni mdudu mzima. Hukamata kipande kidogo mno cha umbo lake, pengine kona moja ya protini, au sukari chache zilizoshikamana juu ya utando wa seli. Kama kipande hicho kinapatikana kwa mdudu, na kingine kinachokaribiana nacho kinapatikana kwenye seli ya mwili, kingamwili itashika vyote viwili, kwa sababu kwake ni kitu kimoja.

Mfano uliothibitishwa vizuri zaidi ni sindromu ya Guillain-Barré. Mtu anaharishwa na bakteria anayeitwa Campylobacter jejuni, tumbo linapona, kisha wiki moja hadi tatu baadaye miguu inaanza kukosa nguvu, na udhaifu unapanda kuelekea kifuani. Juu ya bakteria huyo mna sukari zilizopangika sawa na zile za gangliosaidi ya GM1, ambayo imo katika utando wa neva zetu za mikono na miguu. Kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya tumbo zinaikuta GM1 kwenye neva na kuishika, na protini nyingine za kinga ziitwazo komplimenti zinafuata na kuutoboa utando. Kinga ilifanya kazi yake ipasavyo. Msiba ulitokana na mfanano.

Sasa nije Mahenge. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo Avindra Nath wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, lilichapisha matokeo ya kupima damu na maji ya uti wa mgongo ya watoto wa Uganda wenye ugonjwa huu. Miongoni mwa maelfu ya protini walizozipima, walikuta kingamwili dhidi ya protini moja ya binadamu iitwayo leiomodini-1. Protini hii hujulikana zaidi katika misuli, lakini waliionyesha pia katika seli za neva za binadamu zilizokuzwa maabara, na katika ubongo wa panya waliikuta sehemu zilezile zinazoonekana kuathirika kwa watoto hawa: hipokampasi, ambayo inahusika na kumbukumbu, seli za Purkinje katika serebela, ambazo zinaongoza mizani ya mwili, na gamba la ubongo. Kingamwili hizo zilipowekwa pamoja na seli za neva zilizidhuru. Na zilipotengwa kutoka kwa wagonjwa zikajaribiwa kwa protini za mnyoo wa usubi, Onchocerca volvulus, zilizishika hizo nazo.

Ushahidi huo una uzito, lakini naomba usiufanye kuwa hukumu. Katika utafiti huohuo, baadhi ya watu wa vijiji vilevile wasiotikisa kichwa walikuwa nazo kingamwili hizo pia, ingawa kwa uwiano mdogo kuliko wagonjwa. Kukuta kingamwili karibu na ubongo ulioharibika ni kama kumkuta mtu karibu na nyumba iliyoungua. Huenda ndiye aliyewasha moto. Huenda pia alifika baada ya moto, kwa sababu seli ya neva inapopasuka kwa sababu nyingine yoyote humwaga protini zake za ndani, na kinga ikizikuta kwa mara ya kwanza inaweza kuzitengenezea kingamwili. Sisi wa maabara tunadai zaidi kabla ya kutaja mkosaji. Tunataka kingamwili zikihamishiwa kwa mwili mwingine zihamishe na ugonjwa, na zikiondolewa, ugonjwa upungue.

Kuna ugonjwa mmoja wa udhaifu wa misuli, miastenia gravis, ambao asili yenyewe ilifanya jaribio hilo: mama mwenye ugonjwa huo anaweza kujifungua mtoto mlegevu anayenyonya kwa shida, kwa kuwa kingamwili za mama zilipita kwenye kondo la nyuma, na baada ya majuma kadhaa, kingamwili hizo zinapokwisha damuni mwa mtoto, anapata nguvu. Huko hakuna tena ubishi. Kwa leiomodini-1 hatujafika hapo.

Kuhusu ukuta wa ubongo: upo kweli. Kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo zimeshonwa kwa kubana kuliko popote mwilini, na kwa kawaida ni sehemu ndogo sana tu ya kingamwili za damuni inayofika upande wa pili. Lakini ukuta huo hulegea. Homa kali, uambukizo, hata degedege lenyewe likirudiarudia, huweza kuulegeza. Betty Diamond na wenzake wa Marekani walilionyesha hili kwa panya waliokuwa na kingamwili za aina inayopatikana katika lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, zinazoweza kushika vipokezi vya NMDA, yaani protini zinazopokea ujumbe juu ya seli za neva. Panya walibaki wazima kingamwili zikiwa damuni tu. Walipopewa sumu ya bakteria, ukuta ulilegea upande wa hipokampasi, seli za huko zikafa na kumbukumbu ikadhoofika. Walipopewa adrenalini badala yake, seli zilizokufa zilikuwa za amigdala, na panya wakabadilika katika jinsi wanavyoogopa. Kingamwili zilikuwa zilezile, lakini ugonjwa uliotokea ulitegemea mlango uliofunguliwa. Kila ninapolifundisha jaribio hili hulirudia mara mbili, kwa kuwa linaeleza kwa nini watu wawili wenye kingamwili sawa wanaweza kuwa mmoja mzima na mwingine mgonjwa.

Tabibu wa Magonjwa ya Neva

Nimesoma maelezo ya Mhadhiri na ninakubaliana nayo. Niruhusuni nijibu swali la tatu, la kama seli zimekufa au zimezimwa, kwa sababu ndilo tunaloulizwa kila siku wodini na ndugu wa wagonjwa.

Jibu linategemea mahali ilipo protini inayoshikwa: nje ya seli, au ndani yake. Kingamwili ni molekuli kubwa ambayo kwa kawaida haipenyi utando wa seli iliyo hai. Protini ikiwa juu ya utando, kingamwili inaifikia moja kwa moja.

Chukulia ugonjwa wa ubongo kuvimba unaosababishwa na kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, ambao Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007 kwa wanawake 12, wengi wao wakiwa na uvimbe wa ovari. Binti anaanza kuona mambo yasiyokuwepo, anaongea bila mpangilio, anakaza midomo, anapata degedege, na huku kwetu familia inaweza kuzunguka naye kwa miezi kabla ya kufika hospitali. Ndani ya ubongo wake kingamwili zimeunganisha vipokezi viwiliviwili, na seli inavimeza kutoka juu ya utando. Sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, zinabaki na vipokezi vichache, mawasiliano yanavurugika, lakini seli nyingi zipo hai. Uvimbe wa ovari, kama upo, ukiondolewa na kingamwili zikipunguzwa, vipokezi hurudi. Katika taarifa ya mwaka 2013 iliyofuatilia wagonjwa 577, takriban wanane kati ya kumi waliofuatiliwa walikuwa na hali nzuri ndani ya miezi 24. Nimemwona kwa macho yangu mgonjwa aliyelala kitandani kwa majuma bila kunitambua, kisha akarudi kliniki miezi mingi baadaye akitembea peke yake, akaniuliza kama nimekwisha kula.

Upande wa pili kuna kingamwili ziitwazo anti-Yo, zinazoonekana kwa baadhi ya wanawake wenye saratani ya ovari au ya titi. Protini inayolengwa imo ndani ya seli za Purkinje. Hapa kingamwili ni alama zaidi kuliko silaha. Wauaji wanaoshukiwa zaidi ni seli za kinga aina ya T, ambazo zinaweza kuitambua seli yenye protini hiyo na kuiangamiza. Seli za Purkinje zikifa hazizaliwi upya. Mgonjwa hupoteza mizani, mikono hutetemeka anapotaka kushika kikombe, na matibabu mara nyingi huishia kuzuia hali isizidi.

Katikati ya pande hizi mbili kuna ugonjwa ambao kwangu ndio unaofundisha zaidi kuhusu kingamwili na kufa taratibu kwa neva. Mwaka 2014 uliripotiwa ugonjwa wa kingamwili dhidi ya protini ya juu ya utando iitwayo IgLON5. Wagonjwa, wengi wao wa makamo na wazee, hufanya mienendo ya ajabu usingizini, hukoroma na kukatika pumzi, hupepesuka, humeza kwa shida. Ubongo wa baadhi ya waliofariki ulipochunguzwa ulikutwa na malundo ya protini ya tau kwenye shina la ubongo na haipothalamasi, protini ileile inayolundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Maabara zimeonyesha kwamba kingamwili hizo huiondoa IgLON5 juu ya seli na hairudi kwa urahisi kama vipokezi vya NMDA vinavyorudi, na kwamba kiunzi cha ndani cha seli huvurugika. Tau ni protini inayoshikilia kiunzi hicho. Kwa hiyo hapa mtu anaweza kuufuatilia mnyororo: kingamwili nje, kiunzi ndani, tau inajikunja, seli inakufa. Si kila kiungo kimethibitishwa, lakini sijui ugonjwa mwingine unaoziweka kingamwili na kuzorota kwa neva karibu hivi.

Sasa tazama ugumu wa leiomodini-1. Ni protini ya ndani ya seli, inayohusika na nyuzi za aktini, ambazo ni sehemu ya kiunzi cha seli. Kama kingamwili ndizo zinazoua, lazima tuseme zinaingiaje, au kama protini hiyo hujitokeza nje kwa namna fulani wakati seli inapopata shida. Swali hilo bado lipo mezani, na ni sababu moja ya mimi kuwa na tahadhari ninapowaambia wazazi kwamba kinga ya mtoto ndiyo inayomla.

Kwa binti yako, Mwalimu, uwezekano ni kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Kuna seli zinazovurugwa kila degedege linapotokea, na hizi zinaweza kutulia degedege likidhibitiwa. Na kuna zinazopotea. Hakuna kipimo kinachoweza kukupa hesabu ya kila upande, lakini kuruka mistari na kusahau herufi hakumaanishi kwamba vyote vimekwisha. Mtoto anayepata degedege mara kadhaa kwa siku, au anayekunywa dawa isiyomfaa, anaweza kuonekana amepungukiwa akili kuliko alivyo.

Muuguzi wa Kaskazini ya Uganda

Shikamooni wakubwa. Mimi nimefanya kazi na watoto hawa upande wa Kitgum, ambako Waacholi huuita ugonjwa huu luc luc. Nataka kuongeza yale tuliyoyaona kwetu, kwa sababu Tabibu ameitaja tau.

Mwaka 2018 madaktari walichapisha uchunguzi wa ubongo wa vijana watano waliofariki wakiwa na ugonjwa huu Uganda. Walikuta malundo ya tau, jambo ambalo halitegemewi kabisa kwa kijana. Wengine waliofuata, wakichunguza marehemu wengine, waliona kwamba alama za uvimbe wa kinga ndani ya ubongo zilikuwa nzito kuliko tau, na wakasema tau huenda ni kovu la degedege na maanguko ya miaka mingi. Mabishano hayo hayajaisha. Mimi si mtafiti, lakini nilikuwepo katika kazi ya kuongea na familia, na nataka watu wajue kwamba kila kipande cha ubongo kilichosomwa kilitolewa na wazazi waliokuwa kwenye msiba, waliokubali kwa sababu walitaka wadogo wa marehemu wasiupate.

Pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Profesa Richard Idro, walijaribu doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Wazo lilikuwa zuri sana: ndani ya mnyoo wa usubi huishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo hawezi kustawi bila yeye. Doksisaiklini humwua Wolbachia, mnyoo mkubwa hudhoofika, na ikategemewa kwamba chanzo kikikauka kingamwili zitapungua. Watoto walitumia dawa kwa wiki sita na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Kingamwili dhidi ya protini za neva hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo, waliopewa dawa walionekana kupata nafuu katika mambo mengine, kama kulazwa kwa degedege kali. Kwa hiyo dawa iligusa kitu, lakini si kile kilichokuwa kinapimwa.

Jambo ambalo hatuna mabishano nalo ni mito. Inzi weusi wanaoeneza usubi hutaga mayai penye maji yanayokwenda kasi juu ya mawe na majani. Kuanzia 2012 serikali ilitia dawa ya kuua viluwiluwi wa inzi katika mito ya kwetu na kuongeza ugawaji wa ivamektini, dawa ya kingatiba ya usubi, uwe mara mbili kwa mwaka. Watoto wapya wa luc luc wakaacha kuja. Tulikuwa na daftari la kuandikisha, na kurasa zilibaki na majina yaleyale, yanayokua umri tu. Huko Maridi, Sudan Kusini, wanakijiji hufyeka majani penye mporomoko wa maji wa bwawa ili viluwiluwi wakose pa kushikilia, na inzi hupungua sana.

Mwalimu wa Ulanga

Nawashukuru mno. Nimeyasoma haya mara tatu, na nimemsomea mwalimu mwenzangu wa sayansi. Jambo la mahali ilipo protini limenifungua macho.

Nina swali la mwisho, na naomba mnivumilie. Kama kingamwili zinashukiwa, kwa nini watoto hawa hawapewi matibabu kama aliyopata yule binti wa NMDA? Nimesikia kuna kusafisha plazima, yaani majimaji ya damu, na kuna steroidi. Je, ni kwa sababu sisi tuko mbali, au kwa sababu haifai? Nauliza kwa uchungu, kwa kuwa wazazi wa huku wamekwisha kuzoea kudhani kwamba kila lililo zuri haliwafikii.

Tabibu wa Magonjwa ya Neva

Swali lako ni la haki na uchungu wake una msingi. Ni kweli mashine za kubadilisha plazima ni chache na ziko mijini. Lakini hata kama ingekuwepo moja Mahenge, nisingekushauri kuitumia kwa mtoto huyu kwa ushahidi tulionao leo.

Kubadilisha plazima huondoa kingamwili zilizomo damuni kwa muda. Seli zinazozitengeneza hubaki, na mnyoo anayezichochea hubaki pia, akiwa ndani ya vinundu chini ya ngozi kwa miaka kumi au zaidi. Steroidi na dawa nyingine za kutuliza kinga huidhoofisha kinga yote. Kumpa mtoto aliyedhoofika, anayeishi palipo na malaria, kifua kikuu na minyoo mingine, dawa ya kuizima kinga yake kwa shaka ambayo haijathibitishwa, ni kumwongezea hatari iliyo hakika kwa ajili ya faida isiyo hakika. Kwa binti wa NMDA mizani imegeuka upande mwingine, kwa sababu huko ushahidi ni kamili na matibabu yamebadilisha maisha ya watu.

Kwa mwanafunzi wako, dawa ya kifafa ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi leo. Valproeti ya sodiamu imetumika sana kwa watoto hawa Uganda, na wengi walipungukiwa na degedege, baadhi wakarudi shule. Lakini ni msichana wa miaka 12, na valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni iwapo baadaye atapata ujauzito, kwa hiyo mganga anayemtibu alizungumze jambo hilo na bibi mapema, na achague dawa akilifikiria. Vidonge vya mwezi mmoja havitoshi. Dawa hizi hunywewa kila siku, miaka kwa miaka, na zikikatizwa ghafla degedege linaweza kuja kwa nguvu kuliko mwanzo. Mpelekeni kwenye kliniki ya kifafa, na andikeni kwenye daftari kila tukio, saa na alichokuwa anafanya. Daftari hilo litamsaidia mganga kuliko maelezo ya kumbukumbu.

Asikae karibu na moto wa kupikia peke yake, asitumwe kuteka maji mtoni peke yake, na uji apewe ukiwa umepoa kidogo, kwenye bakuli pana lisilopinduka kirahisi. Makovu ya kuungua niliyoyaona kwa watoto wa kifafa ni mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mhadhiri wa Elimu ya Kinga

Naongeza moja tu kuhusu kingatiba. Ivamektini haiui mnyoo mkubwa aliye ndani ya kinundu; huua watoto wake, wale wadogo wasioonekana kwa macho wanaotembea chini ya ngozi, na kumzuia mama asizae kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana lazima irudiwe mwaka hadi mwaka. Huko Cameroon, watafiti waliofuatilia watu waliopimwa ngozi wakiwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta kwamba waliokuwa na wadudu wengi zaidi kwenye ngozi ndio waliopata kifafa zaidi baadaye. Kwa hiyo hata wakati sisi tunabishana juu ya leiomodini-1 na tau, tunajua kwamba kupunguza wadudu kunapunguza kifafa. Mahenge imegawiwa ivamektini tangu 1997, na tangu 2019 hugawiwa mara mbili kwa mwaka. Haitamrudishia binti huyu alichopoteza, lakini usikubali akose zamu yake, na hasa wadogo zake wanaoanza kufikia kimo cha kupewa dawa.

Mwalimu wa Ulanga

Nimepiga simu leo kwa mgawa dawa wa kijiji chetu. Katika daftari lake zamu iliyopita, nyumba ya bibi huyu ina alama ya kutokuwepo, kwa sababu walikuwa shambani ng'ambo ya mto. Binti ana mdogo wake wa kiume wa miaka sita ambaye hajawahi kupimwa. Mgawa dawa amekubali kuja Jumatano jioni na fimbo yake ya kupimia kimo. Akifika alama ya sentimita 90, atapewa kidonge chake. Nimemwomba bibi wasiende shamba siku hiyo, nami nitakuwepo. Daftari la matukio nimelianza leo saa nne na dakika kumi, wakati wa uji.